Nyumba ya mafungo ya masista, Lushoto: nyota nne, ya tano imebaki kwenye hita

Kama unatafuta mahali utakapotoka unatetemeka na shati limelowa machozi, usipande huku. Huduma hiyo masista hawana; nyumba yao ni ya kutulia na kusali. Hakuna spika, hakuna kinanda cha kupandisha watu mori, hakuna mtumishi wa kukuwekea mikono, na hakuna bahasha ya sadaka. Kuna chumba, kitanda, meza, Biblia, chakula mara tatu kwa siku, na kanisa dogo lisilofungwa mchana kutwa. Nimesikia watu wakilalamika kwamba pale “hakuna kinachoendelea”. Ni kweli, na mimi ndicho nilichokipenda.

Nauza spea za magari mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Kazi yangu ni kutoamini mpaka nishike. Beringi ukiizungusha kidoleni inakwambia yenyewe kama ni orijino au imebandikwa lebo juzi. Sasa nilikuwa na jambo la mwanangu, naliombea kila alfajiri kabla sijafungua duka, mpaka maneno yakaniishia. Nikawa nasema Baba Yetu midomo inakwenda na kichwa kiko bandarini kwenye mzigo. Mke wangu akaniambia, “Baba nanihii, nenda kapumzike kwa masista, hapa unatuchosha.” Mimi ni Mlutheri na nyumba ni ya Wakatoliki. Hawakuuliza. Kwenye misa, wakati wa Komunyo nilibaki nimekaa kwenye benchi langu, wala hakuna aliyegeuza shingo.

Kufika ni rahisi. Basi la asubuhi kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi, unapita Mombo, halafu unapanda milima zaidi ya kilomita 30 kwa kona zisizoisha, kupitia Soni. Mwenye tumbo jepesi akae mbele na asile chipsi Mombo. Kutoka Lushoto mjini, bodaboda.

Chumba ni kisafi kupita hoteli nyingi nilizolalia kwa bei kubwa. Shuka zinanukia jua, mablanketi ni mazito ya kweli. Dirishani kuna kabichi hadi bondeni. Chakula ni makande, ugali, maharage, mboga za kwao wenyewe, na asubuhi mkate waliooka usiku pamoja na jamu ya matunda damu ambayo nilinunua chupa za kurudi nazo. Kasoro ni maji ya moto. Hita ni ya jua, na jua la Lushoto ukungu ukishuka ni la kuhadithiwa tu. Ukienda jikoni wanakupa ndoo, lakini kwanza uvuke uwanja na taulo begani mbele ya wageni wenzako.

Jioni ya kwanza sista anayepokea wageni alinikalisha barazani akaniuliza nimefuata nini. Nikamwambia wazi, “Sista, nataka nijue kama kuna anayesikiliza. Maana mimi sihisi chochote.”

Akasema, “Baba, Zaburi ya 145 inasema Bwana yu karibu na wote wamwitao, wote wamwitao kwa uaminifu. Sijaona mahali inaposema wote wanaomhisi. Wewe umemwita?”

“Nimemwita sana.”

“Haya. Kengele ya chakula inalia saa moja.”

Akainuka. Nilibaki nimekaa kama mteja aliyelipia mzigo akanyimwa risiti. Nikajisemea, safari yote hii kwa mstari mmoja ninaoujua tangu kipaimara?

Kilichonigeuza ni sala za saa zao, yaani zaburi wanazosali pamoja kwa saa maalumu za siku, na hasa ile ya Ijumaa usiku kabla ya kulala. Masista wanakaa pande mbili wakitazamana, upande huu unasoma mstari, ule unajibu, polepole, bila kuigiza chochote. Ijumaa zaburi ya usiku ni ya 88. Ninyi mnaosoma Biblia kwa kuchagua mistari ya kutia moyo, hii mtakuwa mmeiruka. Zaburi nyingi za vilio zinaanza vibaya na kuishia kwenye sifa. Hii inaanza na kilio na neno lake la mwisho ni giza. Haifariji hata kidogo. Mkabala na mimi alikuwa sista mzee sana, ameanza kusinzia, kitabu kinamponyoka. Mwenzake wa pembeni, bila kumwangalia, aliweka kidole kwenye mstari waliofika na yule bibi akafungua macho akadakia hapo hapo, kwa sauti ya mtu anayejua anachosema: rafiki zangu umenitenga nao.

Nilisubiri mtu asimame atoe neno la kutujenga. Hakusimama mtu. Lilisomwa somo fupi mno kutoka Yeremia, la kumwambia Mungu kwamba yu katikati yetu, usituache. Basi. Wakaimba wimbo wa Simeoni, taa zikazimwa.

Chumbani nilifungua Yeremia 14 kutafuta mstari ule. Ni sura ya ukame. Wakubwa wa mji wanawatuma vijana kisimani, hawapati maji, wanarudi na vyombo vitupu wamefunika vichwa kwa aibu. Na ni katikati ya habari hiyo, vyombo vikiwa vitupu bado, nabii anamwambia Mungu wewe uko hapa kati yetu. Mvua haijanyesha. Hajaonyeshwa hata wingu.

Ndipo nilipoielewa na ile ya 88. Yule mwandishi analalamika mwanzo hadi mwisho, lakini analalamika kwa Mungu mwenyewe, umenifanyia hivi, umenifanyia vile. Mtu asiyekuwepo unamsema, humlalamikii. Mimi dukani wateja wenye malalamiko wananijia mimi, mlango wangu, kwa sababu wanajua nipo ndani hata nikiwa nimejificha nyuma ya makabati. Kilio chenyewe kinakiri kwamba anayeliliwa yuko. Na Waebrania 11:6 ndivyo inavyodai: amwendeaye Mungu lazima aamini kwamba yuko. Imani inakuja kabla ya kwenda, wala haisubiri majibu.

Sikuhisi kitu usiku ule. Wala siku zilizofuata. Nilirudi kanisani alfajiri kwenye baridi, nikamwambia Mungu habari za mwanangu kwa hasira, kwa jina lake, bila maneno ya kanisani, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mzigo wa bandarini haukuniingilia. Mwanangu bado hajarudi nyumbani. Naendelea kuomba vilevile, kabla ya kupandisha shata.

Nimewahi kwenda mahali pengine, mjini, sipataji, ambako uwepo wa Mungu unapimwa kwa sauti na waliokaa kimya wanaulizwa wana dhambi gani. Nilitoka nimechoka, na nikihisi kosa ni langu. Kwa masista hakuna aliyenipima, na hilo peke yake linastahili nauli.

Kuna mengine ya kurekebisha. Kanuni ya ukimya imebandikwa kila mlango lakini hakuna anayeisimamia. Kulikuwa na mama mmoja alikuwa anauza viwanja kwa simu kwenye korido, mpaka nikajua bei ya eka. Mikeka ya kupigia magoti kanisani imekwisha. Malipo ni nafuu, wanapokea kwa simu au taslimu, na mwenye shida wanazungumza naye.

Usiende na watoto wadogo. Usiende wikiendi moja ukitarajia mengi. Fika Alhamisi ili Ijumaa usiku ikukute hapo. Juni na Julai beba soksi na sweta mbili. Chumba unaagiza kwa simu, ila piga kuanzia saa tatu asubuhi, kabla ya hapo hawapokei.