Lobster: fonti tamu, shida ni anayeishika

Nianze na nyota, maana wengi mnasoma hapo tu: mbili. Ngojeni kwanza.

Lobster ni fonti, yaani mtindo wa herufi za kompyuta: ile nene iliyolala upande, herufi zimeshikana mikono. Mnaiona kwenye mabango ya juisi, saluni, keki, na kadi za harusi ndiyo usiseme. Aliichora Pablo Impallari wa Argentina, ikatoka 2010, na ni ya bure hata kwa biashara. Utamu wake uko kwenye herufi zinavyoungana: herufi ileile imechorwa kwa maumbo tofauti, programu inachagua la kuweka kulingana na jirani yake. Ukiandika "Vitumbua" utaapa kuna mtu kapiga brashi mara moja bila kuinua mkono.

Sasa, kabla ya mfungo nikapeleka bango la kibanda cha mdogo wangu likaprintiwe. Kazi imeshamalizika, kuprinti tu. Kijana wa kwenye kompyuta akaona maneno hayajajaza upana, akayaandika upya mwenyewe, KEKI NA VITUMBUA, yote herufi kubwa, halafu akatanua nafasi katikati. Jamani! Herufi kubwa za Lobster zimechorwa zitangulie neno, kila moja na mbwembwe zake. Ukizipanga mstari mzima zinagombana. Bango limetundikwa, mama wa kwanza kupita anauliza vitambaa bei gani.

Nilikuwa nimemwambia palepale, "Kaka, mbona umeziandika hivi? Hazisomeki." Hata kichwa hakuinua. "Dada, hiyo fonti ndivyo ilivyo. Ungeleta Arial. Lipia kwanza, ndo tuongee."

Ndivyo ilivyo! Mtu anashinda na fonti kutwa nzima hajui inavyofanya kazi, na bado anakufokea mbele ya wateja.

Kwa hasira nikaanza kuichukia Lobster yenyewe. Na sababu zipo, sijazitunga. Imezagaa mno. Nimeiona hadi kwenye tangazo la msiba, marehemu anatangazwa kama ofa ya soda. Tena usithubutu kuiandikia orodha ya bei na namba za simu, ni fonti ya maneno mawili matatu makubwa, basi. Ndiyo hizo nyota mbili.

Ila juzi nimeprinti stika za maboksi kwingine, dada wa pale hakugusa kitu. V kubwa moja mbele, nyingine zote ndogo, na ule mkia wa "m" umeingia kwenye "b" hadi huoni palipoungwa. Wateja wanapiga picha boksi kabla ya kulifungua! Kwa hiyo futeni zile mbili, ni nne. Tano ningetoa, ila lile tangazo la msiba bado linanikera.

Lile duka la kwanza sifuri, na hela yangu ya bango naifuata Jumatatu asubuhi, wakifungua tu.