Uzamili wa maendeleo ya kimataifa kwa elimu masafa, nikiwa Mtwara

Kwa miaka mitatu nimesoma shahada ya uzamili ya maendeleo ya kimataifa kwa njia ya elimu masafa kutoka chuo kikuu kimoja cha Uingereza, huku nikiendelea na kazi katika shirika dogo linalohudumia wakulima wa korosho wa Newala na Tandahimba, na makazi yangu yakiwa Shangani, mjini Mtwara. Watu kadhaa wa huku kusini wameniuliza kama kozi hiyo inafaa. Inafaa, na ninaipendekeza kwa moyo wote, ila kwa mtu ambaye tayari ameshika kazi na analo jambo la kazini linalomnyima usingizi.

Somo lililonifaa kuliko yote ni ufuatiliaji na tathmini. Tulitakiwa kuchukua mradi halisi na kuupima upya kuanzia kiashiria chake cha kwanza. Nilichukua mafunzo yetu ya kukausha na kuchambua korosho, ambayo kwa misimu miwili tulikuwa tukiyaripoti kwa idadi ya waliohudhuria, na mhadhiri akaniuliza swali moja: ni nani anayeshika korosho kila siku ambaye jina lake halimo katika daftari lenu la mahudhurio? Ilinibidi nipande Newala kutafuta jibu. Mialiko ilikuwa ikipitia chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima wa eneo, ambako mwanachama ni yule mwenye shamba, naye mara nyingi ni mume. Na mafunzo yalianza saa tatu asubuhi, wakati ambapo kina mama wengi, kwa jinsi maji yalivyo shida juu ya uwanda wa Makonde, walikuwa bado njiani na ndoo. Waliookota na kuchambua hawakuwa wametusikia hata siku moja. Jedwali la mantiki ya mradi, linalopanga malengo, shughuli na viashiria vyake, ambalo nilizoea kulijaza ili mfadhili aridhike, tangu siku hiyo nalitumia kujiuliza maswali.

Historia ya misaada inafundishwa kwa umakini, lakini kwa jicho la mbali. Mpango wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga Tanganyika, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951 baada ya hasara kubwa, ulipewa ukurasa mmoja, tena karibu wote ukihusu Kongwa. Nachingwea, eneo la mpango huo huku kusini, ilitajwa kwa sentensi moja. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo, na reli iliyong'olewa baadaye, hazikutajwa kabisa. Vivyo hivyo tulisoma mengi ya Robert Chambers, msomi wa Uingereza, kuhusu utafiti shirikishi, yaani ule unaofanywa pamoja na wanakijiji wenyewe, bila kuelezwa kwamba mikoa ya Mtwara na Lindi ilikuwa miongoni mwa mahali ambapo mbinu hizo zilitumika kwa upana, kupitia RIPS, mradi wa maendeleo vijijini uliofadhiliwa na Finland kuanzia mwaka 1988. Jirani yangu, mtendaji wa kata mstaafu, alichora ramani za kijiji ardhini pamoja na wanakijiji katika miaka hiyo, na jioni mbili nilizoketi naye barazani zilinifundisha sawa na wiki nzima ya usomaji. Kozi inayojinadi kuwa ya kimataifa ilipaswa kumwelekeza mwanafunzi kwa watu wa namna hiyo tangu mwanzo.

Huduma za chuo hazikulingana. Maktaba ya mtandaoni ni hazina, na kwa mtu aliye mbali na maktaba kubwa za Dar es Salaam hiyo pekee ni sababu ya kutosha kujiunga. Semina za saa kumi na mbili jioni kwa saa za Uingereza huanza huku saa mbili usiku, au saa tatu wakati wa baridi yao, jambo linalovumilika umeme ukiwapo. Kilichoniumiza ni kusubiri wiki saba kurudishiwa kazi iliyosahihishwa, na kubadilishiwa msimamizi wa tasnifu katikati ya utafiti, bila maelezo.

Kuhusu ajira, ni vyema mtu ajue uzito wa cheti hiki kabla ya kuomba. Katika Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa, nafasi ya daraja la P-2, la mwanzoni kwa wataalamu, kwa kawaida huhitaji uzamili pamoja na uzoefu wa miaka miwili, na P-3 miaka mitano. Mwenye shahada ya kwanza huongezewa miaka miwili ya uzoefu badala ya uzamili. Kwa hiyo kijana anayemaliza shahada ya kwanza leo na kuunganisha moja kwa moja bado atakwama kwenye uzoefu. Kwa ada, ufadhili wa Jumuiya ya Madola una nafasi maalumu za elimu masafa, ilhali Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hulipia mwaka mmoja wa kusoma nchini Uingereza na hudai uzoefu wa kazi wa miaka miwili. Anayelenga halmashauri au mashirika ya ndani aangalie kwanza Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye vituo Mtwara na Lindi, au Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1973.

Upungufu ninaouona kuwa mkubwa zaidi ni kwamba chuo hakimwagizi mwanafunzi arudishe matokeo kwa watu aliowahoji. Tasnifu yangu ilihusu stakabadhi ghalani, mfumo wa mkulima kuweka korosho ghalani kwa stakabadhi hadi ziuzwe mnadani, ulioanza Mtwara msimu wa 2007/2008, na jinsi malipo ya mnada yanavyowafikia wanawake ndani ya kaya. Ilipokelewa, ikapewa alama, ikahifadhiwa kwa Kiingereza. Niliandika muhtasari wa kurasa sita kwa Kiswahili, nikauchapisha kwa fedha zangu na kuupeleka kwa bodi ya chama cha msingi. Katibu aliomba nakala tatu zaidi kwa ajili ya vyama jirani, na kina mama waliokuwapo wakaomba kikao chao wenyewe, kianze saa tisa alasiri.