Mgodi wa Chumvi wa Wieliczka: Usiishie Kwenye Kanisa

Picha moja ndiyo inayoutangaza mgodi wa Wieliczka duniani kote: kanisa lililochongwa ndani ya chumvi, sakafu yake inang'aa, mataa makubwa yananing'inia darini, na watu wamesimama chini yake wameduwaa. Picha hiyo haisemi uongo, lakini aliyefunga safari hadi kusini mwa Poland kwa ajili ya kanisa peke yake atatoka akiwa ameiona sehemu ndogo ya kile alicholipia. Kwa maoni yangu, thamani ya mahali hapa iko katika kazi yenyewe: jinsi watu walivyochimba chini ya mji wao kwa zaidi ya miaka 700, jinsi walivyoyazuia mapango hayo yasiwaangukie, na jinsi warithi wao wanavyoendelea kupambana na maji hata baada ya uchimbaji kusimama.

Kufika si tatizo. Wieliczka ni mji mdogo ulio kusini mashariki mwa jiji la Kraków, na treni ya abiria kutoka stesheni kuu ya Kraków huchukua nusu saa hivi kufika kituo cha mwisho, ambacho hakiko mbali na lango la mgodi. Mwenzangu alinunua safari kupitia wakala mmoja wa mjini, akalipa fedha nyingi kuliko mimi na bado akafika baada yangu, kwa hiyo sioni sababu ya kumpendekezea mtu njia hiyo. Jambo la kuzingatia ni lugha: mgeni haruhusiwi kuzunguka peke yake, kila kikundi kina mwongoza watalii wake, na lugha ya ziara huchaguliwa wakati wa kununua tiketi. Anayetegemea Kiingereza hatapata shida.

Kushuka ni kwa miguu. Shimo la Daniłowicz, lililochimbwa katika karne ya 17, lina ngazi za mbao zaidi ya 350 zinazozunguka na kuzunguka hadi mtu anapoteza hesabu ya ghorofa, na zikiisha utakuwa mita 64 chini ya ardhi, yaani kwenye daraja la kwanza tu la uchimbaji. Kwa jumla njia ya watalii ina ngazi zipatazo 800, urefu wa kilomita tatu na ushee, na huishia kwenye kina cha mita 135. Mgodi mzima una madaraja tisa, unafika mita 327, na njia zake za chini kwa chini zinapita kilomita 240, hivyo anachooneshwa mtalii hakifiki hata asilimia mbili. Wenye magoti mabovu wafikiri mara mbili, au waulize mapema kuhusu utaratibu wa kushuka kwa lifti, ambao upo kwa wasioweza ngazi. Hali ya hewa ndani ni nyuzi 17 au 18 za Selsiasi mwaka mzima. Sweta nyepesi inatosha, na viatu visivyoteleza ni vya lazima.

Anayetarajia weupe atashangaa. Chumvi ya mawe ya Wieliczka ni ya kijivu kilichokolea, na usipoambiwa utadhani umezungukwa na mawe ya kawaida. Ukisogea karibu ndipo unapoona punje zake zikimetameta kwenye mwanga wa taa, na mahali ambapo maji yamepenya ukuta chumvi mpya huota mafundomafundo meupe mfano wa koliflawa, na kwa jina hilohilo la mboga wachimbaji wenyewe wameyaita. Mwongoza watalii akikuruhusu, lamba ukuta. Karibu kila mtu hufanya hivyo, wakiwemo wazee wenye heshima zao.

Kilichonishika zaidi, hata hivyo, ni mbao. Magogo yamepangwa juu ya magogo, yamekingamana na kubebana kutoka sakafuni hadi darini, na katika chumba kinachoitwa Michałowice, chenye kimo cha takriban mita 35, unainua shingo hadi inauma ukifuata jinsi kila boriti inavyoikabidhi nyingine mzigo. Mbao hudumu humu kwa sababu hunyonya chumvi, zikawa ngumu na zisioze upesi maadamu hazikai majini. Sehemu nyingi zimepakwa rangi nyeupe ili mwanga hafifu wa taa za wachimbaji ufike mbali zaidi. Kwa mtu aliyewahi kusimamia ujenzi wa aina yoyote, chumba hicho peke yake kinastahili tiketi.

Historia hutolewa kidogo kidogo njiani, na ni vizuri kuijua kabla. Chumvi ya hapa ilianza kupatikana maelfu ya miaka iliyopita kwa kuchemsha maji ya chemchemi za chumvi, kazi ileile iliyofanywa kwa karne nyingi Uvinza, mkoani Kigoma. Katika karne ya 13 ndipo watu walipoifikia chumvi ya mawe iliyolala chini. Mwaka 1368 Mfalme Kazimierz Mkuu wa Poland aliweka sheria ya kusimamia migodi hii, na katika nyakati zake bora ilichangia hadi theluthi moja ya mapato ya hazina ya kifalme. Aliyelipia utajiri huo anaonekana katika chumba cha Spalone: sanamu za watu wanaotambaa na mienge iliyofungwa kwenye miti mirefu, nguo zao zikiwa zimeloweshwa maji, wakiiteketeza gesi ya methani iliyojikusanya darini kabla haijawa nyingi kiasi cha kulipuka. Farasi nao walishushwa kuzungusha mitambo ya kunyanyulia mizigo, na wengi waliishi humohumo. Wa mwisho, jike aliyeitwa Baśka, alitolewa mwaka 2002.

Kanisa lenyewe la kwenye picha, la Mtakatifu Kinga, mlinzi wa wachimbaji chumvi, liko mita 101 chini, lina urefu wa mita 54 na kimo cha mita 12, na kazi yake ilianza mwaka 1896. Walioichonga sehemu kubwa walikuwa wachimbaji watatu, ndugu wawili Józef na Tomasz Markowski pamoja na Antoni Wyrodek, na kazi hiyo iliendelea kwa takriban miaka 70. Vigae vya sakafu, ukivitazama vizuri, si vigae: ni chumvi hiyohiyo iliyochorwa mistari na kusuguliwa na nyayo. Mchongo wa Karamu ya Mwisho una kina kidogo tu, ilhali kwa mbali unaona chumba kizima kikirudi nyuma ya meza. Ni kazi ya hali ya juu kabisa. Tatizo ni kwamba vikundi vinafuatana, na muda wa kusimama ukatazama kwa utulivu ni mfupi. Anayeweza aende siku za kazi, asubuhi na mapema, nje ya miezi ya kiangazi.

Maonesho ya taa na muziki wa piano kando ya ziwa la chumvi sikuyaona kuwa na maana kubwa, na maduka ya zawadi chini ya ardhi yangeweza kupunguzwa bila mtu kulalamika. Ningependa muda huo utumike kueleza habari ya maji. Wieliczka iliingia katika orodha ya kwanza ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1978, pamoja na makanisa ya Lalibela ya Ethiopia na kisiwa cha Gorée cha Senegal, lakini kati ya 1989 na 1998 iliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kwa kuwa unyevu ulikuwa unazila sanamu. Aprili 1992 maji yalipenya kwa nguvu mgodini yakachukua na mchanga, na ardhi ya juu ikatitia. Uchimbaji wa kibiashara ulikoma mwaka 1996. Hadi leo maji yanayoingia hukusanywa na kuvutwa juu, na chumvi hupatikana kwa kuyachemsha.

Sehemu iliyo bora kuliko zote kwa maoni yangu ni makumbusho yaliyo kwenye daraja la tatu, ambayo wengi huyaacha kwa sababu wamechoka na lifti ya kuwapandisha iko karibu. Alfons Długosz, mwalimu na mchoraji, alizunguka mgodini baada ya Vita vya Pili vya Dunia akiokoa mitambo ya mbao iliyotelekezwa, na magurudumu makubwa yaliyozungushwa na farasi yamesimama humo kamili, kamba na meno yake vikionekana. Hapo ndipo unapoelewa jinsi bonge la chumvi lilivyofika juu. Tiketi ya njia ya watalii huyajumuisha, ila kikundi hugawanyika mwishoni; mwambie mwongoza watalii mapema kwamba unataka kwenda makumbusho, na ujitengee saa moja zaidi kabla ya treni ya kurudi.