Usanifu wa Mifumo ya Polisi: Nani wa Kukodi, Nani wa Kuacha

Usanifu wa mifumo ya TEHAMA ni kazi inayotangulia ununuzi wa seva, kompyuta na programu. Msanifu anaeleza mifumo iliyopo inafanya nini, taarifa zinatoka wapi kwenda wapi, kipi kibaki, kipi kiondolewe, na kipya kiunganishwe vipi na vingine. Majeshi ya polisi hukodi watu wa nje kwa kazi hii kwa sababu ni nadra kuwa na wasanifu wa kutosha ndani. Hapa tunapima njia nne za kuwapata, tukiangalia zaidi zinavyofaa kwa vituo vya Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa. Msimamo wetu ni huu: anayechora asiwe anayeuza, na malipo ya mwisho yasitoke mpaka mtu ambaye hakushiriki aweze kujenga kwa kufuata michoro hiyo.

Njia ya kwanza ni muuzaji wa mfumo anayejitolea kuchora bure. Hii hatuipendekezi kabisa. Ni sawa na kumwachia muuza saruji akupigie hesabu ya msingi wa nyumba. Mchoro wake utaishia kwenye bidhaa yake, na mahali ambapo bidhaa hiyo haifiki pataachwa wazi bila maelezo. Kanuni za ununuzi wa umma zinakataza mgongano wa maslahi wa namna hii, lakini hupenya pale ambapo usanifu haukuandikwa kama kazi inayojitegemea. Watanzania wengi wanaukumbuka mkataba wa 2011 wa mashine za alama za vidole, wa shilingi bilioni 37, uliotakiwa kufikia vituo 108 vya polisi. Ulipojadiliwa na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali mwaka 2016, hoja kubwa ilikuwa kwamba fedha nyingi zimeshalipwa huku vituo vingi havina mashine zinazofanya kazi. Usanifu unaoandikwa kituo kwa kituo (umeme upo au haupo, mtandao wa kasi gani, nani atatumia, chumba kipi) unampa mlipaji kitu cha kukagua kabla ya kusaini hati ya malipo.

Njia ya pili ni kampuni kubwa ya ushauri. Inafaa kwa kazi ya nchi nzima, na nyaraka zake huwa nzuri. Udhaifu wake uko kwa watu. Kwenye pendekezo la kiufundi wanawekwa wasanifu wenye miaka 15 ya uzoefu, kisha kazi inafanywa na vijana walioajiriwa juzi. Dawa yake ni kifungu kinachotaja wataalamu kwa majina, kinachotaka mbadala awe na sifa sawa au zaidi, na kinachosema siku za mtu asiyeonekana hazilipwi.

Udhaifu mwingine ni mawanda ya kazi. Polisi ya Uskoti ilisaini mkataba wa mfumo wa TEHAMA uitwao i6 Juni 2013 kwa pauni milioni 46.11, ukavunjwa Julai 2016 bila mfumo kuanza kutumika. Ripoti ya 2017 ya Audit Scotland, wakaguzi wa hesabu za umma wa huko, inaonyesha kwamba pande mbili zilianza kubishana kuhusu mawanda, yaani kipi kimo kwenye kazi na kipi hakimo, wiki chache tu baada ya kusaini, ingawa majadiliano ya kabla ya mkataba yalichukua muda mrefu. Mkandarasi alitegemea sana mfumo uliokwisha kujengwa kwa ajili ya Guardia Civil, jeshi la polisi la Hispania, na ikabainika kwamba sehemu ya kujenga upya ni kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Maafikiano ya mwisho yaliipatia polisi pauni milioni 24.65. Fedha zilirudi, lakini miaka mitatu haikurudi. Kwa hiyo mzabuni akisema "mfumo huu unafanya kazi tayari nchi fulani", mwambie aonyeshe hatua kwa hatua jinsi jalada la kesi la Tanzania linavyopita humo.

Njia ya tatu ni mtaalamu binafsi. Kwa kazi yenye mipaka hii ndiyo tunayoipa alama za juu. Kwa mkoa mmoja, makadirio yanayotekelezeka ni siku 45 za kazi: 15 za kutembelea vituo, 20 za kuchora, 10 za kuhakiki na wahusika. Hatari yake ni moja na ni kubwa: akiugua au akipata kazi nyingine, kila kitu kinasimama. Kwa hiyo atakiwe kukabidhi rasimu kila baada ya wiki mbili, na ofisa mmoja wa TEHAMA wa jeshi afuatane naye kila kituo akiandika maelezo yake mwenyewe.

Njia ya nne ni taasisi za umma na vyuo, kikiwemo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Vyuo vinafaa zaidi kama wahakiki kuliko kama wachoraji, hasa ratiba ikibana na walimu wakiwa madarasani. Mamlaka ya Serikali Mtandao, eGA, hutaikwepa kwa njia yoyote utakayochagua, maana chini ya Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 mradi wa TEHAMA wa taasisi ya umma unapelekwa kwake kabla ya kuanza. Mzabuni asiyejua viwango na miongozo ya eGA atakuandikia kitu kitakachorudishwa.

Utamjuaje msanifu mzuri? Mpeleke kaunta. Mlalamikaji anafika, maelezo yake yanaandikwa, anapewa namba ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa cha kituo. Akiwa ameumia anapewa fomu ya polisi ya PF3 aende hospitali. Uchunguzi ukianza linafunguliwa jalada lenye namba ya IR, yaani ya rejista ya uchunguzi, na vielelezo vinaingizwa kwenye daftari lake. Msanifu asiyeuliza kila namba inazaliwa wapi na inaunganishwaje na nyingine hajaanza kazi.

Swali la kumpima: mtandao ukikatika saa mbili usiku, RB itatolewaje? Wengi hujibu kwamba maelezo yatahifadhiwa na namba itakuja mtandao ukirudi. Jibu hilo halitoshi, kwa sababu mwananchi anaondoka kaunta mikono mitupu, na polisi atarudi kwenye daftari la karatasi ambalo baadaye hakuna atakayeliingiza kwenye mfumo. Jibu sahihi ni kompyuta ya kituo kuwa na uwezo wa kutoa namba yenyewe, ikiwa na alama ya kituo mbele na mfululizo wake, ili vituo viwili visigongane taarifa zitakapokutana makao makuu.

Swali la pili linahusu mpaka. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na wasanifu wengi huifanya kuwa sehemu ya lazima kwa sababu inarahisisha kuunganisha taarifa. Sasa dereva wa lori kutoka Zambia ameibiwa Tunduma, au mfanyabiashara wa Malawi amepoteza mzigo Kasumulu, au mtoto wa miaka 12 amejeruhiwa Mwanjelwa. Huenda wote hawana namba hiyo. Polisi wa zamu atajaza tarakimu za kubuni ili fomu ipite, na kuanzia hapo hifadhidata inaanza kuoza. Lazima kuwe na hati mbadala, na nafasi ya "hana kitambulisho" inayohitaji sababu.

Tatu, hesabu za mtandao zifanywe kwa kalamu. Video inayorekodiwa kwa megabiti 4 kwa sekunde inazalisha gigabaiti 1.8 kwa saa moja. Kituo chenye uwezo wa kupandisha megabiti 2 kwa sekunde kitahitaji saa mbili nzima kuituma, na muda wote huo kaunta itakuwa inakwama. Mkongo wa Taifa unapita barabara kuu ya Iringa, Makambako, Mbeya hadi mpakani, lakini kituo cha ndani huko Chunya au Pawaga hakiko barabarani. Usanifu useme wazi: video zibaki kituoni, zitumwe usiku, maandishi na picha ndogo ziende papo hapo. Na mzabuni akiahidi upatikanaji wa asilimia 99, mkumbushe kwamba hiyo inaruhusu zaidi ya saa 87 za kukatika kwa mwaka. Asilimia 99.9 inaruhusu karibu saa tisa.

Umeme na radi ndivyo vinavyoangusha mifumo mingi ukanda huu, na ndivyo vinavyopewa ukurasa mmoja mwishoni. Kompyuta, swichi na ruta kwa pamoja huweza kula wati 200. Betri moja ya volti 12, Ah 100, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, inakupa wati-saa 600. Baada ya upotevu wa inveta ni kama saa mbili na nusu. Usiku mmoja bila umeme Tukuyu unahitaji betri nne au tano, si moja. Waya wa shaba usitandazwe kati ya majengo mawili: radi ikipiga jengo moja, umeme unasafiri na waya na kuua swichi za upande wa pili. Hapo weka faiba. Ardhi, yaani njia ya kupeleka umeme wa radi udongoni, ipimwe kwa kifaa, wengi hulenga chini ya ohm 10, na ipimwe kiangazi udongo ukiwa mkavu, kwa sababu masika majibu huwa mazuri kuliko hali halisi.

Kuna jambo la mahakamani pia. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinaitaka mahakama iangalie kama njia ya kutengeneza, kuhifadhi na kutuma taarifa inaaminika, na kama uhalisia wake umelindwa. Mfumo usioandika nani alifungua jalada, nani alibadilisha neno gani na saa ngapi, utamwangusha mwendesha mashtaka kwenye kesi nzuri. Kumbukumbu hiyo isifutike hata na msimamizi wa mfumo. Ikiachwa isubiri awamu ya pili, kuirudisha maana yake ni kuvunja nusu ya kilichojengwa.

Kuhusu zabuni, NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni, imeondoa safari za kupeleka makasha ya nakala, na kampuni ya Iringa inaomba kazi ikiwa Iringa. Hilo ni jema. Ila mfumo hauwezi kurekebisha hadidu za rejea mbovu. Hadidu zinazosema "mshauri atasanifu mfumo wa kisasa" zitaleta mapendekezo yasiyolinganishika, na kamati ya tathmini itaishia kushika bei tu. Andika bidhaa za kazi: ripoti ya hali ilivyo, ramani ya data, orodha ya miunganisho (NIDA, TRA, Mahakama, Ofisi ya Taifa ya Mashtaka), mchoro wa mtandao na umeme, mpango wa kuhama kutoka mfumo wa zamani, kumbukumbu ya maamuzi pamoja na sababu zake, na gharama za miaka mitano zikijumuisha leseni na betri. Michoro ikabidhiwe katika faili zinazoharirika, si picha wala PDF pekee.

Mgawanyo wa malipo tunaoupendekeza ni asilimia 10 kwa ripoti ya kuanza, 25 kwa hali ilivyo, 25 kwa usanifu, 25 kwa nyaraka za zabuni ya ujenzi, na 15 za mwisho baada ya jaribio. Jaribio lenyewe: wape wahandisi watatu wasiohusika nyaraka zote kwa siku tano, waandike maswali na makadirio ya gharama. Makadirio yakipishana mno, michoro haijakamilika. Msanifu ajibu kila swali kwa maandishi, majibu yaingizwe kwenye nyaraka, ndipo alipwe.

Mwisho ni usalama wa taarifa zenyewe. Msanifu hahitaji majalada halisi ya watu. Sampuli zilizoondolewa majina zinatosha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamgusa yeye pia kama mchakataji. Atumie kompyuta ya jeshi, ifungwe kwa nywila na diski iliyosimbwa, na siku ya kukabidhi kazi akaunti zake zote zifungwe mbele ya ofisa wa TEHAMA, orodha ya akaunti hizo ikiwa imeambatishwa kwenye hati ya makabidhiano.