Miguu ya Montgomery katika rekodi ya Glasgow

Mara ya kwanza niliposikiliza The Montgomery Variations, kazi ya okestra ya mtunzi Mmarekani Mweusi Margaret Bonds, niliisikiliza vibaya. Nilikuwa natumia akaunti ya bure ya huduma moja ya muziki kwenye simu, isiyomwachia msikilizaji kufuata albamu bila kukatizwa, na mara tu ilipokwisha sehemu ya tano, inayohusu watoto waliouawa kwa bomu kanisani, likaingia tangazo la bia lenye vigelegele, kisha ndipo yakaanza maombolezo. Nilizima simu. Siku chache baadaye nililipia albamu nzima na kuipakua, na haya ni maoni yangu baada ya kukaa nayo kwa wiki tatu, mara nyingi kwa spika za masikioni za bei ndogo, nikiwa njiani kwa miguu.

Albamu yenyewe inaitwa African American Voices II. Ilitolewa mwaka 2023 na kampuni ya Linn ya Glasgow, na ndani yake Royal Scottish National Orchestra, okestra ya mji huohuo, inapiga kazi tatu za watunzi Wamarekani Weusi chini ya Kellen Gray, ambaye naye ni Mmarekani Mweusi. Vitabu humwita mtu wa kazi yake kondakta, neno ambalo kwetu sisi tuliokulia ndani ya daladala lina mlango, noti zilizokunjwa vidoleni na sauti ya “Suka, twende!”, kwa hiyo hapa nitasema kiongozi, hasa kwa kuwa muziki wenyewe unahusu mabasi.

Bonds alizaliwa Chicago mwaka 1913. Alifundishwa utunzi na Florence Price, na mwezi Juni 1933, akiwa na umri wa miaka 20, alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupiga piano mbele ya Chicago Symphony Orchestra kama mpigaji mkuu wa jioni. Wakati huohuo alikuwa akisoma Northwestern University, chuo kilichompokea darasani lakini hakikumruhusu kulala katika mabweni yake. Baadaye alikuwa rafiki wa karibu wa mshairi Langston Hughes, ambaye mashairi yake aliyatungia muziki kwa miaka mingi. Kazi ninayoizungumzia aliimaliza mwaka 1964 na kuitunukia kwa Martin Luther King, lakini alifariki mwaka 1972 bila kuiona ikichapishwa. Nota zake zilichapishwa mwaka 2020. Kwa hiyo mtu anayesema amesoma muziki wa klasiki maisha yake yote na hajawahi kuisikia hasemi uongo, wala si kosa lake.

Kazi nzima ina sehemu saba, haifiki nusu saa, na imejengwa juu ya wimbo mmoja tu wa kiroho wa enzi za utumwa, “I Want Jesus to Walk with Me”, yaani nataka Yesu atembee nami. Bonds anauchukua wimbo huo na kuugeuza kila mara, kama fundi cherehani anayefumua kanzu ileile na kuishona upya kwa mwili mwingine. Uteuzi wa wimbo ndio ufunguo wa kazi yote. Rosa Parks alikamatwa tarehe 1 Desemba 1955 kwa kukataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi, na kuanzia tarehe 5 Desemba watu weusi wa Montgomery, jimboni Alabama, waliyasusia mabasi kwa siku 381, wengi wao wakiwa wanawake waliofanya kazi za upishi na usafi katika nyumba za wazungu. Baadhi walipata nafasi katika magari yaliyopangwa na viongozi wa mgomo, lakini wengi walikwenda kwa miguu, asubuhi na jioni. Kwa watu hao, ombi la kutaka mtu wa kutembea naye halikuwa fumbo la mahubiri.

Hapo ndipo Bonds anapoachana na watunzi wengine walioienzi harakati ya haki za Wamarekani Weusi. Joseph Schwantner, katika New Morning for the World ya mwaka 1982, aliweka maneno ya King mwenyewe kinywani mwa msomaji na okestra ikazunguka sauti hiyo. Siku ilipopigwa kwanza huko Washington, tarehe 15 Januari 1983, msomaji alikuwa mchezaji wa besiboli Willie Stargell. Ni kazi ya heshima, lakini kila nikiisikiliza najikuta nasubiri sentensi inayofuata ya hotuba, huku tarumbeta zikinipitia kando. Luciano Berio naye, katika O King ya mwaka 1968, alivunjavunja jina la King kuwa sauti tupu na kuziunganisha polepole mpaka jina likakamilika mwishoni, na huo ni uzuri wa aina nyingine, mkavu na mtulivu. Wote wawili wanamtazama mtu mmoja. Bonds, ingawa ametoa kazi yake kwa King, haweki neno lolote la mtu yeyote, na macho yake yako barabarani.

Sehemu ya tatu, March, ndiyo iliyonifanya nilipe. Nitaiita Mwendo na si Maandamano, kwa sababu katika maelezo yake Bonds anasema wazi kwamba hawa ni watu wanaotembea kwenda kazini. Chini kuna ala nzito za nyuzi zinazopiga hatua, hazikimbii wala hazisiti, na juu yake mahadhi yanashikwa na basuni, ala ya kupuliza yenye sauti ya mzee aliyekaa barazani na asiyetaka kubishana na mtu. Nilijaribu kutembea nayo kutoka Magomeni hadi Kariakoo, nikiirudia tena na tena, na nikagundua kwamba kasi aliyoichagua Gray si ya gwaride bali ya mtu anayejua kwamba njia ni ndefu na kesho ataipita tena. Ala nyingine zinapoongezeka, haongezi mwendo hata kidogo. Viongozi wengi wangeingiwa na tamaa hapo, wakaichochea okestra ili wapate kilele cha mapema. Yeye anashikilia, na uzito wote unatokana na idadi ya wanaojiunga, kama barabara inavyojaa bila mtu kuona ilianza kujaa saa ngapi.

Sehemu ya pili, Prayer Meeting, haikuniridhisha vivyo hivyo. Bonds anaonyesha mkutano wa maombi wa kanisa la watu weusi wa Kusini mwa Marekani, ambako watu hujibu mahubiri, hupiga makofi na kuinuka, na mdundo aliouandika una joto hilo lote. Okestra inaupiga kwa usahihi usio na dosari, na usahihi huo ndio tatizo: kila mtu anaingia kwa wakati mmoja, hakuna bibi wa mstari wa nyuma aliyechelewa nusu pigo kwa sababu bado anafuta machozi. Aliyewahi kuketi karibu na kwaya yoyote ya kwetu siku ya mkesha atajua nini kinachokosekana. Sidai kwamba wanamuziki wa Uskoti wajifanye walokole wa Alabama. Nasema tu kwamba hapa ninasikia suti zikiwa zimefungwa vifungo vyote.

Baada ya sehemu ya nne, alfajiri ya Kusini iliyojaa rangi nyororo za filimbi na kinubi, inakuja ile Jumapili. Tarehe 15 Septemba 1963 bomu lililotegwa na wabaguzi lililipuka katika kanisa la 16th Street Baptist, likawaua Addie Mae Collins, Cynthia Wesley na Carole Robertson, waliokuwa na umri wa miaka 14, na Denise McNair, aliyekuwa na miaka 11. Msomaji makini atasema kwamba kanisa hilo liko Birmingham, si Montgomery, na kwamba miji hiyo imetengana kwa kilomita 150 hivi na matukio hayo kwa miaka karibu minane. Ni kweli, na si hilo pekee: katika maelezo ya sehemu ya kwanza Bonds anautaja mgomo wa mabasi kuwa chini ya King na SCLC, shirika la kutetea haki za watu weusi, ambalo liliundwa mwaka 1957, baada ya mgomo kwisha, ilhali chombo kilichouongoza mgomo kilikuwa Montgomery Improvement Association. Kama historia, ni kasoro. Kama muziki, simlaumu, kwa sababu aliandika akiwa na habari za bomu bado mbichi, na ule wimbo uleule wa kutembea unapoanza kwa upole wa watoto wa shule ya Jumapili, msikilizaji aliyetoka kutembea nao katika sehemu ya tatu anatambua ni watoto wa nani.

Hapa Gray anafanya jambo nililolipenda sana. Vurugu inapoingia hairefushi wala haipambi. Inakatika, na kati ya sehemu hiyo na ya sita, Maombolezo, kuna ukimya mfupi ambao katika ile akaunti ya bure ulikuwa umejazwa bia. Maombolezo yenyewe yanachezwa bila kunyong’onyea. Benediction, baraka ya mwisho, ambayo Bonds aliieleza kuwa ya Mungu aliye baba na mama wa watu wote, anayewamiminia upendo wema na wabaya pia, ndiyo sehemu ambayo wengi wataona imelainika kupita kiasi baada ya yaliyotangulia. Nilikuwa na maoni hayo kwa wiki ya kwanza. Sasa nadhani ugumu uko katika neno “wabaya pia”: muziki huo unamjumuisha aliyetega bomu, na msikilizaji anayeona ni mtamu mno huenda hajamfikiria huyo.

Kazi mbili nyingine hazihitaji maneno mengi. Concerto for Orchestra ya Ulysses Kay, ya mwaka 1948, imeandikwa kwa akili kubwa na ubaridi kiasi, na inaonyesha kwamba mtunzi mweusi hakuwa na wajibu wa kunukuu nyimbo za kiroho kila alipokaa mezani. Worship ya Coleridge-Taylor Perkinson ni fupi na yenye nguvu, na hapo okestra inasikika ikijifurahisha zaidi kuliko katika mkutano wa maombi wa Bonds.

Sauti ya rekodi ni safi, yenye nafasi kati ya ala, kiasi kwamba hata spika zangu za bei ndogo zilitenganisha ngoma na ala nzito za nyuzi katika sehemu ya kwanza. Anayetaka kuinunua achukue albamu kamili, asichukue sehemu mojamoja, kwa kuwa Mwendo ukitolewa peke yake unabaki kuwa kipande kizuri cha dakika chache tu. Mwalimu wa kwaya au wa muziki mwenye kikundi cha wapigaji atafaidika zaidi akiisikiliza huku nota zikiwa mezani, aanze na wimbo wenyewe ukiimbwa na waimbaji wake, kisha aifungue sehemu ya tatu na kuwauliza wimbo umejificha katika ala ipi.