Uzoefu wangu na vifaa vya kusafiri nje ya nchi na watoto: vilivyotufaa na nilivyoviacha

Katika kipindi cha miaka miwili nimesafiri nje ya nchi mara tatu nikiwa na watoto. Safari ya kwanza nilikuwa na binti yangu peke yake, akiwa na umri wa miaka miwili na mwezi mmoja. Mbili zilizofuata tulikuwa pamoja na mdogo wake wa kiume, ambaye alipanda ndege kwa mara ya kwanza akiwa na miezi saba. Kabla ya kila safari nilitumia majuma kadhaa kutafuta vifaa na taarifa, nikanunua vingine na kuazima vingine, na baadhi yake vilirudi nyumbani bila hata kufunguliwa. Ninayoyaeleza hapa yanahusu vile tu nilivyovitumia mwenyewe, na kipimo changu kimekuwa kimoja: je, kifaa hiki kinastahili uzito wake pale ambapo mkono mmoja umembeba mtoto aliyelala na mkono wa pili unatafuta pasipoti?

Ninachokiweka mbele ya vyote ni CARES, mikanda ya mabega ya kumfungia mtoto katika kiti cha ndege. Iliidhinishwa na FAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, mwaka 2006, kwa mtoto mwenye uzito wa kuanzia kilo 10 hadi 20 na urefu usiozidi sentimita 100, anayekaa katika kiti chake mwenyewe. Ina uzito wa takribani nusu kilo na inaingia katika kifuko kidogo. Nilipoilinganisha na kiti cha gari cha mtoto, ambacho ningelazimika kukibeba kuanzia kaunta hadi getini na kukipitisha katika njia nyembamba ya katikati ya viti, sikuhitaji kufikiri mara mbili.

Ufungaji wake unahitaji utulivu kidogo. Mkanda mmoja mpana huzungushwa kwenye mgongo wa kiti na kupita chini ya meza ya kukunja ya abiria wa nyuma, kwa hiyo ni vizuri kuingia ndegeni mapema, kabla abiria huyo hajakaa na kuweka vitu vyake mezani. Kisha mkanda wa kawaida wa kiti hupitishwa katika vitanzi viwili vilivyo chini ya mikanda ya mabega, na kifungio cha kifuani hufungwa mwisho. Mara ya kwanza nilikosea mimi mwenyewe: niliuacha mkanda wa kiunoni ukiwa umelegea kwa kudhani kwamba mtoto angestarehe zaidi, naye akawa anateleza polepole hadi mabega yake yakafika chini ya kifungio cha kifuani. Nilimwinua, nikahakikisha makalio yanagusa mgongo wa kiti, nikaushusha mkanda hadi mapajani na kuukaza, na hakuteleza tena. Usiku ule ndege ilitikisika kwa muda mrefu wakati binti yangu amelala, na nilichokiona ni kichwa chake kikicheza kidogo huku kiwiliwili kimetulia mahali pake. Kwa picha hiyo peke yake ningeinunua tena. Kumbuka kwamba kifaa hiki ni cha ndegeni tu na hakifai kabisa kutumika katika gari, na ni busara kuuliza shirika la ndege mapema na kutunza jibu lao la maandishi, kwa sababu si kila mhudumu amewahi kukiona.

Kwa mtoto mdogo anayepakatwa hali ni tofauti. Mashirika mengi huruhusu mtoto wa chini ya miaka miwili akae mapajani, na katika nchi nyingi hutolewa mkanda wa nyongeza unaounganishwa na ule wa mzazi. Marekani hairuhusu mkanda huo utumike ndege inapoondoka na inapotua, na FAA inashauri kila mtoto awe katika kiti chake, amefungwa kwa kifaa kilichoidhinishwa. Nilipoyasoma hayo nilisikitika, kwa sababu tiketi zilikuwa tayari zimekatwa. Katika safari ya tatu tulimkatia kiti chake na kubeba kiti cha gari ambacho lebo yake inasema kwa maandishi mekundu kwamba kimethibitishwa kwa magari na kwa ndege. Kilikuwa kizito, sikatai, lakini mtoto alikizoea tangu nyumbani na alilala humo kwa saa nne mfululizo. Anayepanga kubeba cha kwake aisome lebo hiyo kabla ya kufika uwanjani, na apime upana wa kiti na kuulinganisha na upana wa siti ya ndege.

Kigari cha kukunja nina maoni mchanganyiko juu yake. Uwanjani kilitusaidia sana, hasa pale tulipobadilisha ndege na kutembea karibu nusu saa kutoka geti moja hadi jingine. Lakini katika safari ya pili tulikikabidhi kwenye mlango wa ndege kikiwa kizima, tukarudishiwa kikiwa na gurudumu la mbele lililopinda. Kilichotuokoa ni kwamba nilikuwa nimekipiga picha asubuhi ile, nikaenda moja kwa moja kwenye dawati la mizigo kabla ya kutoka nje na kuandikiwa ripoti. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unampa msafiri siku 7 tangu apokee mzigo kulalamika kwa maandishi juu ya uharibifu, na anayechelewa hupoteza haki yake. Tulilipwa. Tangu hapo kigari hakiondoki mkononi mwangu bila mfuko wake wa kukifunika, na tunapopita katika msongamano napendelea mbeleko yenye vifungo, ambayo huniachia mikono yote miwili na haihitaji kukabidhiwa kwa mtu yeyote.

Kuna kifaa kimoja ambacho simshauri mtu akinunue kabla ya kuuliza: mto wa kujaza upepo unaowekwa mbele ya siti ili mtoto anyooshe miguu. Unapendeza kwenye picha, lakini mashirika kadhaa ya ndege hayauruhusu. Wetu tuliambiwa tuutoe upepo dakika chache baada ya ndege kutulia angani, mtoto akiwa ameshaufurahia, na kilio kilichofuata kilikuwa kikubwa.

Sasa nije kwenye taarifa, ambazo kwa maoni yangu zina manufaa kuliko nusu ya vifaa vyote. Huduma niliyoitegemea zaidi ni Timatic ya IATA (chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege), yaani hazina ya masharti ya pasipoti, viza na afya ambayo wahudumu wa kaunta wa mashirika ya ndege huitumia kuamua kama abiria apande au abaki. Msafiri naye anaweza kuyaangalia masharti hayo kupitia ukurasa wa IATA na kurasa za mashirika kadhaa ya ndege. Huwa nayapitia mara mbili, wakati wa kukata tiketi na tena juma moja kabla ya kuondoka, nikiingiza pia nchi tunazopitia tu, kwa kuwa hizo nazo zina masharti yake.

Katika safari ya pili nilisafiri na watoto bila mwenzangu, na hapo barua ya ridhaa ya mzazi asiyesafiri ilionyesha thamani yake. Afisa wa uhamiaji alimtazama binti yangu, akanitazama mimi, akauliza baba yake yuko wapi. Nilitoa vyeti vya kuzaliwa na barua iliyosainiwa mbele ya wakili, yenye tarehe za safari, anwani tutakayofikia na namba ya simu ya baba. Alisoma, akampigia baba yao, akatugongea muhuri. Sikuudhika hata kidogo. Mkataba wa Hague wa mwaka 1980 kuhusu watoto wanaochukuliwa na mzazi mmoja na kupelekwa nchi nyingine bila idhini ya mwenzake unaeleza tatizo ambalo maafisa hawa wanajaribu kulizuia, na ningependa watoto wangu walindwe namna hiyo popote walipo.

Kwa upande wa afya, kurasa za CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti na kuzuia magonjwa, na za Shirika la Afya Duniani zilinifungua macho mapema kiasi cha kuweza kubadili mipango. CDC inashauri mtoto wa miezi 6 hadi 11 anayesafiri nje apate dozi ya mapema ya chanjo ya surua, ambayo haihesabiwi katika dozi zake mbili za kawaida. Chanjo ya homa ya manjano kwa kawaida hutolewa kuanzia miezi 9, na cheti chake huanza kukubalika siku 10 baada ya sindano. Mwanangu wa miezi saba hakuwa amefikia umri huo, hivyo baada ya kuzungumza na daktari tukabadili nchi ya kupitia. Yote hayo yasingewezekana siku tano kabla ya safari, na ndiyo maana sasa namwona daktari wiki sita kabla.

Kifuko cha dawa nakipanga mwenyewe na hakiingii kwenye sanduku kubwa: kipimajoto, dawa ya homa yenye kipimo kinacholingana na uzito wa mtoto, na pakiti za ORS, yaani chumvichumvi za kurudisha maji mwilini mtoto anapoharisha. Hizi za mwisho zinahitaji umakini, kwa kuwa zipo za kuchanganya na lita moja ya maji na zipo za mililita 200. Tulipokuwa hotelini binti yangu akiharisha, nilikuwa karibu kumimina pakiti ya lita moja katika kikombe kimoja. Nilisoma maandishi ya nyuma nikiwa tayari nimeikata pembeni. Tangu siku hiyo nabeba chupa yenye alama ya lita moja na kuzifunga pakiti humo humo kwa mpira.

Maziwa na chakula cha mtoto mara nyingi havibanwi na kikomo cha mililita 100 kwenye ukaguzi, lakini ni vizuri kuvitoa begini na kumwambia mkaguzi kabla hajauliza. Betri ya akiba hukaa katika begi la mkononi, kamwe si katika mzigo unaopelekwa chini, na isizidi saa-wati 100 bila idhini ya shirika la ndege. Ya kwetu ya mAh 20,000 yenye volti 3.7 ni saa-wati 74. Kila asubuhi ya safari nawapiga watoto picha wakiwa wamevaa nguo za siku hiyo, na binti yangu huvaa bangili ya kitambaa yenye namba yangu ya simu pamoja na msimbo wa nchi.

Binti yangu alivuka sentimita 100 muda mfupi kabla ya safari ya tatu, akaketi na mkanda wa kawaida. CARES imefuliwa kwa kitambaa chenye maji kidogo, imekauka na imerudi katika kifuko chake. Mdogo wake ana kilo tisa na nusu.