Springi za kuvuta meno: zinalegea au hazilegei? Uzoefu wangu

Nikianza na jibu kwa wenye haraka: springi za vyuma vya meno zilizotengenezwa kwa aloi (mchanganyiko wa metali) ya nikeli na titani hazilegei kwa kiasi cha kukukosesha usingizi. Kinacholegea ni mpira, tena mapema kuliko wengi wanavyodhani. Nimevaa vyote viwili katika mdomo huu huu, mpira kwanza na springi baadaye, na kazi ilikuwa ileile ya kuziba nafasi.

Nafasi zenyewe zilitokana na kung'olewa gego dogo moja kila upande wa taya la juu, kwa kuwa meno yangu ya mbele yalikuwa yamejitokeza sana. Baada ya hapo chonge inatakiwa irudi nyuma hadi ijaze pengo, na lazima kiwepo kitu cha kuivuta kuelekea gego kubwa.

Daktari alianza na mnyororo wa mpira, zile pete ndogo zilizoungana ambazo hupachikwa juu ya vyuma. Siku ya kufungwa unaubana mdomo wote. Halafu nguvu inashuka kwa kasi ya ajabu: ndani ya saa 24 za kwanza mpira wa aina hii unaweza kupoteza karibu nusu ya mvuto wake, na kinachobaki kinaendelea kupungua polepole wiki zinazofuata. Sababu si ubovu wa kiwanda. Mpira huo ni poliyurethani. Ukikaa umenyooshwa kwenye joto la mdomo huku ukinyonya mate, molekuli zake huteleza na kuzoea urefu mpya. Ndiyo maana hubadilishwa kila unaporudi kliniki. Pia hushika rangi na uchafu, na wangu ulikuwa unachukiza kuutazama kabla ya miadi kufika.

Baadaye daktari akanibadilishia springi zilizosokotwa na kubanana, zenye tundu kila ncha: ncha moja kwenye chonge, nyingine kwenye gego. Zangu zilikuwa za gramu 150, yaani nguvu ya kuvuta na si uzito wake, takriban niutoni moja na nusu. Ukiiweka moja kiganjani unaidharau, ni kitu cha milimita chache tu.

Tofauti na springi ya chuma cha pua ndiyo iliyonivutia. Ya chuma cha pua inafuata hesabu ya kawaida: ukiongeza mnyoosho mara mbili, nguvu mara mbili; jino likisogea na pengo kupungua, nguvu nayo inashuka kwa uwiano uleule. Kwa hiyo inaanza na mvuto mkali kupita kiasi na kumaliza na mvuto hafifu. Ya nikeli na titani haifanyi hivyo. Ikinyooshwa, mpangilio wa atomi ndani yake hubadilika kutoka umbo moja la fuwele kwenda jingine, na inaporudi, mabadiliko hayo hujifuta hatua kwa hatua. Katika kipindi hicho cha kurudi mvuto hubaki karibu palepale, hata jino likisogea milimita kadhaa. Inapoteza kidogo wiki za mwanzo, kisha inatulia. (Aloi yenyewe ilitokea katika maabara ya silaha ya jeshi la majini la Marekani, mikononi mwa William Buehler, na ilikuwa miaka ya 1970 George Andreasen wa Chuo Kikuu cha Iowa alipoileta kwenye vyuma vya meno. Kitu kilichoanzia kwenye mambo ya makombora sasa kinavuta chonge yangu.)

Sasa sehemu ambayo watu wanaichanganya. Maumivu ya springi hupanda hadi kilele karibu siku moja baada ya kufungwa, kisha yanapungua na ndani ya wiki hivi huyasikii tena. Mtu anahitimisha: springi imekufa, nirudi ikazwe. Hapana. Kilichotulia ni tishu zinazozunguka mzizi wa jino. Springi bado inavuta. Nilipomwuliza daktari kama hawezi kuongeza nguvu ili tumalize mapema, alinijibu kwa upole, "Ukilivuta sana litakugomea." Mvuto mkubwa kupita kiasi hubana mishipa ya damu kati ya mzizi na mfupa, seli za pale hufa, na jino husimama kwa wiki kadhaa mpaka mwili usafishe eneo hilo. Mfupa wenyewe una mwendo wake: seli za upande mmoja zinaula, za upande mwingine zinaujenga, na kasi ya kawaida ni karibu milimita moja kwa mwezi. Kuomba kukazwa hakubadilishi hilo.

Jambo jingine: gramu 150 za springi hazifiki zote kwenye jino. Chonge inateleza juu ya waya mkuu, na msuguano kati ya waya na kile kishikizo kilichogandishwa kwenye jino hula sehemu ya mvuto. Ndiyo maana daktari makini huangalia waya na kishikizo kabla ya kuilaumu springi pale pengo linapogoma kuziba.

Baridi na moto vina athari yake pia. Kinywaji cha baridi sana hulegeza springi hizi kwa muda, cha moto huzikaza. Niliitumia sifa hiyo siku za maumivu: maji ya barafu yalinipa nafuu ya kweli. Ila usinywe mfululizo siku nzima, kwa sababu springi iliyopoozwa mara nyingi huchelewa kurudi kwenye mvuto wake wa awali.

Malalamiko ninayo. Mabaki ya chakula hunasa kwenye mizunguko na mswaki wa kawaida hauyatoi. Bila kile kiburashi chembamba cha katikati ya meno hufiki popote. Ile ncha ya nyuma ilinikwaruza shavu mpaka nikazoea kuiwekea nta. Na mwenye mzio wa nikeli amwambie daktari mapema, kabla hakijafungwa chochote.

Je, springi zinamaliza kazi haraka kuliko mpira? Kidogo tu, tofauti ni sehemu ya milimita kwa mwezi. Anayekuahidi miujiza anakuuzia maneno. Mimi ningezichagua tena kwa sababu nyingine: mvuto wake ni wa kutulia, hazihitaji kubadilishwa kila miadi, na ukichelewa miadi kwa dharura kazi inaendelea, ilhali mpira wakati huo unakuwa umebaki pambo.

Ukienda kliniki, muulize daktari springi yako ni ya gramu ngapi na imenyooshwa kiasi gani. Ikinyooshwa kupita kikomo chake huharibika umbo na haitarudi sawa, na hilo huonekana kwa macho: mizunguko inabaki imeachana hata ikifunguliwa. Hapo ndipo pana sababu halali ya kudai mpya.